Msiwapeleke wazazi dukani kwa hesabu ya megapikseli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nitoe dukuduku langu kuhusu ushauri wa kununua kamera mliouchapisha Jumapili ya juzi. Mwandishi wenu aliwaambia wanaotaka kupiga picha kwa mapenzi tu, bila biashara, wanunue kamera mpya ya dukani, na wakikwama kati ya mbili wachukue yenye megapikseli nyingi, yaani mamilioni mengi ya nukta za picha. Ningeisoma makala ile nikaiacha ipite. Lakini Jumatatu yake asubuhi, kabla kengele haijagongwa, alinijia shuleni mama wa mwanafunzi wangu mmoja, kipande cha gazeti lenu amekifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli yake.

Mama huyu anauza vitumbua hapa Tanga. Bintiye yuko darasa la sita na ni mmoja wa watoto 11 wanaokuja kwangu kila Jumamosi kujifunza kupiga picha. Watoto 11, kamera moja, yangu. Kila mmoja anapiga picha tano halafu anampisha mwenzake, na binti huyu ndiye anayekaa muda mrefu kuliko wote kabla hajabonyeza. Mama yake ameliona hilo. Alikuwa ameshaongea na wenzake wa kikoba, wamekubali kumkopesha shilingi 1,200,000. "Mwalimu," akaniambia, "gazeti limesema ya megapikseli 24 ndiyo nzuri. Niandikie jina lake nisije nikapewa nyingine." Sikumwandikia. Nilimwomba asiuchukue mkopo mpaka tuzungumze, na niliyomwambia ndiyo ninayoyaandika hapa, maana najua si yeye peke yake aliyekata kipande kile.

Mimi nilianza kutafuta kamera kwa ajili ya mama yangu. Anaishi Pangani na anasuka mikeka ya ukindu tangu sijazaliwa. Hukaa ndani, karibu na mlango wa uani, kwa sababu nje upepo humpeperushia ukindu na jua huukausha hadi ukakatika. Chumba kina mlango huo na kidirisha kimoja. Nilimpiga picha kwa simu mara nyingi. Uso ulitoka, mkeka ulitoka, ila vidole, vile vidole vyenyewe nilivyovitaka, vilitoka kama moshi.

Nikafanya kama mama wa vitumbua anavyotaka kufanya. Nilichukua posho yangu yote ya kusimamia mitihani, shilingi 450,000, nikanunua kamera ndogo mpya, megapikseli 20, zumu ndefu. Muuzaji alikuwa akinionyesha namba zilizoandikwa kwenye boksi, nami nilizitazama namba hizo badala ya kutazama picha. Nikapanda gari kwenda Pangani. Vidole vikatoka moshi ule ule. Baada ya miezi minne niliiuza kwa 180,000, na hadi leo nikiikumbuka posho ile roho inaniuma.

Hakuna aliyeniambia jambo moja ambalo makala yenu pia haikuligusa. Ndani ya kamera kuna kipande kinachopokea mwanga, wapiga picha wanakiita sensa. Kwenye kamera ndogo za mfukoni kama ile yangu, kipande hicho kina upana wa milimita 6 na kimo kisichofika 5. Kwenye kamera za kubadilisha lenzi za Nikon na Canon zenye kioo cha kuakisi ndani, hata zile za bei ya chini kabisa, ni kama milimita 23 kwa 15. Eneo lake ni zaidi ya mara kumi. Wewe ukikinga maji ya mvua kwa karai na jirani yako akakinga kwa kikombe cha kahawa, mvua ni ile ile moja, lakini hamtaingia ndani na maji sawa. Megapikseli ni vyumba vilivyogawanywa ndani ya chombo. Ukikigawa kikombe vyumba milioni 20, kitabaki kikombe.

Na hizo megapikseli 24, za nini? Kamera ninayotumia sasa ni Nikon D3100, iliyotoka mwaka 2010, na ina megapikseli 14 tu. Picha yake ni nukta 4,608 kwa 3,072. Ukienda kuisafisha kwa nukta 300 kwa inchi, unapata picha ya sentimita 39 kwa 26, kubwa kuliko karatasi ya A4. Picha ya mama yangu iliyoko sebuleni ni A4, na mgeni akiingia huanza kuitazama yeye mwenyewe kabla hajakaribishwa kiti.

Bei za kamera za zamani kama hii zimeshuka kwa sababu inayoeleweka. Mwaka 2018 Canon na Nikon walianza kutoa kamera zao zenye sensa kubwa zaidi, zisizo na kioo hicho cha kuakisi ndani, na tangu hapo wapiga picha wa harusi na wa ofisini wamekuwa wakihamia huko mmoja mmoja. Kamera zao za zamani zimebaki kwenye makabati. Hazijaharibika. Sensa iliyopiga picha nzuri mwaka 2011 inapiga picha ile ile nzuri leo, haizeeki kama simu inayokataa programu mpya. D3100 ya mwaka 2010, Canon 1100D ya 2011 yenye megapikseli 12, Canon 600D ya mwaka huo huo yenye skrini inayofunguka pembeni, Nikon D3200 ya 2012: mtu anayeanza akipata mojawapo iliyo salama, hana anachopungukiwa cha kumzuia kujifunza.

Sisemi kamera mpya ni mbaya. Ina dhamana, na dhamana ni kitu. Canon 2000D, ambayo ni mpya zaidi, ya 2018, ni kamera nzuri, na sensa yake ina ukubwa huo huo niliousema. Ila dada yake wa bei ya chini, 4000D iliyotoka pamoja naye, pale lenzi inaposhikia pametengenezwa kwa plastiki, na mimi mtoto anayejifunza kubadilisha lenzi nisingemwanzishia hapo. Ugomvi wangu hasa ni wa pesa. Mama akiimaliza milioni yake kwenye kamera mpya, anabaki na ile lenzi inayokuja nayo, basi. Na kinachompa mtu picha chumbani kwa mama yake ni lenzi.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu nami niliteleza hapa.

D3100 yangu niliipata Dodoma nilipokwenda kumpeleka mdogo wangu chuoni. Ilikuwa ya mpima ardhi mstaafu. Alikuwa akiitumia kupiga picha za mawe ya mipaka, akaiweka kabatini alipoacha kazi. Shilingi 380,000 pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18-55 (milimita zikiwa nyingi, lenzi inavuta karibu zaidi). Hiyo lenzi si mbaya. Mchana, nje, kwenye mwanga, inatosha kabisa, na nawaambia wanafunzi wangu waizoee kwanza. Lakini ukiivuta kidogo ndani ya chumba, tundu lake la kuingizia mwanga linabana. Pale kwa mama, hata nilipoipandisha aiso, kipimo cha wepesi wa kamera kuuhisi mwanga, hadi 1600, kamera ilitaka kuachia mwanga uingie kwa sehemu ya 20 ya sekunde. Kidole cha msusi hakimsubiri mtu kwa sehemu ya 20 ya sekunde.

Nikasikia habari ya lenzi za tundu kubwa zisizo na zumu. Nilipopita Kariakoo nikauziwa ya milimita 50, f/1.8 (namba ya f ikiwa ndogo, tundu ni kubwa), kwa shilingi 200,000. Nilimweleza muuzaji kamera niliyonayo, kwa jina. Akaniambia inaingia. Kweli iliingia. Nilipofika nyumbani nikabonyeza, ikakaa kimya. Haikutafuta fokasi, yaani kujilenga ili picha itoke kali, kabisa. Kumbe kuna lenzi za Nikon zenye mota ndani yake, zimeandikwa AF-S, na za zamani zaidi zilizoandikwa AF au AF-D, ambazo zinategemea mota iliyo ndani ya bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi. Bodi ndogo kama D3100, D3200 na D5100 hazina mota hiyo. Bodi kubwa kidogo, kama D90 na D7000, zinayo. Yangu ilikuwa AF-D. Inafanya kazi, ndiyo, lakini unazungusha fokasi kwa mkono kila picha. Nilipompigia simu muuzaji alisema sikumuuliza habari ya fokasi. Mtu anayeuza lenzi kila siku anajua swali ambalo mgeni hajui kuliuliza, na alipaswa kunijibu hata bila kuulizwa.

Tena milimita 50 ilikuwa ndefu mno kwa chumba kile. Kwenye sensa ya ukubwa huu lenzi hiyo inakusogeza karibu sana. Nilirudi nyuma hadi mgongo ukagusa ukuta na bado mkeka ulikatwa kwenye picha. Niliiuza, na safari hii sikupata hasara kubwa kwa sababu lenzi nzuri hazishuki bei haraka. Nikaongeza nikanunua ya milimita 35, f/1.8, AF-S, iliyotumika, kwa shilingi 320,000. Jumla, kamera na lenzi mbili, 700,000.

Siku niliyokwenda nayo Pangani mama alikuwa anamalizia ukili wa mkeka wa kuswalia. Nilikaa chini, sawa na kimo chake. Kwa tundu lile lenzi inaingiza mwanga kama mara sita kuliko ile ya kawaida mahali pale pale, kwa hiyo sehemu ya 20 ya sekunde ikawa kama sehemu ya 125. Niliposikia shata, lile pazia la ndani ya kamera, likifunguka na kufunga nilijua kabla sijatazama. Vidole vimetulia. Kucha ya gumba la kulia iliyopasuka kwa kuchana miyaa, ile alama nyeupe ya uzi kwenye kidole cha shahada, unyuzi wa ukindu uliosimama peke yake karibu na mdomo wake kwa sababu hulainisha kwa mate. Nilimpelekea picha baada ya wiki mbili. Aliishika kwa mikono miwili, akaiweka juu ya goti, akakaa kimya kitambo. "Kumbe mikono yangu imekuwa ya bibi yako," akasema.

Ndiyo maana namwambia mama wa vitumbua na kila mzazi mwenye kile kipande cha gazeti: gawanya pesa. Bodi ya zamani iliyo salama kwanza, na lenzi ya kawaida inayokuja nayo. Mtoto aitumie hata mwaka mzima. Ukipata tena, nunua lenzi moja yenye tundu kubwa, ya milimita 35 kama ni Nikon na umehakikisha herufi AF-S. Kwa Canon huna shida ya mota, kwa sababu tangu mwaka 1987 walipoanza mfumo wao wa EOS, lenzi zake za fokasi ya kujiendesha zina mota ndani yake. Huko ile ya milimita 50, f/1.8, ndiyo ya bei nafuu, ila kumbuka ukuta na mgongo wangu.

Kuikagua kamera iliyotumika si jambo la kutisha. Nendeni mchana, na mwende na kadi yenu ya kumbukumbu. Toeni lenzi, washeni tochi ya simu, muimulike kwa nyuma huku mkitazama kwa mbele, mkiiinamisha polepole. Vumbi kidogo si neno. Mkiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui, au madoa yenye matawi kama mizizi, hao ni fangasi, na huku pwani ndio ugonjwa wa kwanza wa lenzi. Wakishakula rangi ya kioo hakuna fundi wa kuirudisha, na sipendi kabisa kuona lenzi hiyo ikikaa begi moja na nzima. Kisha rudisheni lenzi, fungeni tundu hadi namba 22, mpige picha ya anga au ukuta mweupe. Madoa meusi mtakayoyaona ni uchafu juu ya sensa. Unasafishika, lakini shusheni bei. Washeni flashi ifunguke. Gusa kila kitufe. Chomoeni betri muiweke mezani: ikizunguka kama pia ya watoto, ujue imevimba. Chaja iwepo, na mkae hapo hapo muione ikichaji.

Kuna pia hesabu ya shata, yaani idadi ya picha ambazo kamera imeshapiga. Kamera za daraja hili shata yake inatarajiwa kufika kama picha laki moja. Kwa Nikon idadi hiyo imo ndani ya faili la picha yenyewe, kijana wa stesheneri yeyote mwenye kompyuta anaweza kukusomea kwa programu ya bure. Yangu ilikuwa na 9,000 na ushei. Kamera ya harusi unaweza kuikuta na laki na kitu. Hiyo ni sawa na daladala iliyobadilishiwa rangi, inatembea, ila ujue unachonunua. Canon nyingi haziandiki idadi hiyo kwenye picha, kwa hiyo tazameni mpira wa kushikia na maandishi ya vitufe. Kidole cha kila siku kinayafuta.

Kwa sababu ya wale fangasi, nawashauri watu wa pwani, mkiwa na ndugu bara, muulizieni huko. Kamera iliyolala kabatini miaka sita Dodoma na iliyolala miaka sita Tanga hazikuamka sawa. Hewa ya Dodoma kavu iliniwekea ile lenzi ya mpima ardhi safi kama maji ya dafu, na ikishafika huku ni kazi yangu kuitunza. Siiweki kwenye begi la ngozi wala kabati la nguo. Inalala kwenye kontena la plastiki la chakula lenye mfuniko unaobana, pamoja na zile chembechembe za kunyonya unyevu zinazokuja kwenye maboksi ya viatu. Zikishiba nazimimina kwenye kikaango ambacho hakipiki tena chakula, nazikausha kwa moto mdogo. Mchele hapana, una vumbi lake. Na nikishuka kutoka Lushoto na baridi yake siifungui kamera hapo Mombo kwenye joto, hata nikiona kitu kizuri kiasi gani, mpaka ipate joto ndani ya begi lake. Niliifungua mara moja, kioo kikafuka ukungu, nikapoteza picha yenyewe na nusu saa ya kuhangaika.

Na kama unachotaka ni picha za sherehe mchana kweupe za kurushiana kwenye simu, bakia na simu yako, Mzazi. Nasema kwa dhati. Usikopee kitu unachokwisha kuwa nacho.

Kwako wewe Mhariri ombi langu ni dogo. Mkiandika tena habari hii, msitupe jedwali la namba. Mpelekeni mwandishi wenu na kamera mbili, moja mpya ya mfukoni na moja ya zamani yenye lenzi ya f/1.8, kwenye chumba chochote chenye dirisha moja, ampige picha mtu anayefanya kazi kwa mikono, halafu chapisheni picha zote mbili ubavu kwa ubavu. Msomaji atajua mwenyewe.

Ijumaa jioni nilikwenda na mama wa vitumbua na bintiye kutazama Canon 1100D huku Ngamiani. Muuzaji alitaka 350,000, pesa ambayo mama anayo kwenye akiba yake mwenyewe ya kikoba bila kukopa hata senti. Bodi ilikuwa safi. Nilimpa binti tochi ya simu yangu nikamwacha aimulike lenzi mwenyewe. Akaiinamisha kama nilivyomfundisha, akafunga jicho moja, akakaa muda mrefu kama anavyokaa siku zote. "Mwalimu," akasema, "pembeni huku kuna mizizi." Nilitazama, ilikuwepo, tawi moja jembamba kama unywele wa kichanga. Tukamwomba kaka yule atuuzie bodi peke yake, akakataa, akashusha 50,000 tuchukue vyote. Mama akanitazama, kisha akamtazama bintiye. Binti akatikisa kichwa. Mama akazifunga pesa zake tena kwenye pindo la khanga, tukaaga. Wiki ijayo mdogo wangu atatuulizia Dodoma.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Tanga